Kikulacho ki nguoni mwako

Hotuba niliyoitoa mbele ya wakunga na wanafunzi wa ukunga, Siku ya Wakunga Duniani. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.

Shikamooni wakubwa zangu. Wanangu, hamjambo? Tumsifu Yesu Kristo. Asalamu aleikum.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake mara mbili kabla sijafungua mdomo. Basi sitazunguka. Tuingie leba moja kwa moja.

Nataka tuanze na siku ya tatu. Kila mkunga aliyemo humu anaijua siku ya tatu. Siku ya kwanza mama amechoka lakini uso unang'aa, wageni wanaingia na chupa za uji na supu. Siku ya pili anajifunza kumshika mtoto. Siku ya tatu maziwa yamejaa, na wewe unampima joto, unaandika 36.8, unaenda kwa mwingine. Kazi ya kawaida. Lakini wenzetu waliofanya kazi hii London, Glasgow au New York miaka mia moja iliyopita, siku ya tatu waliingia chumbani roho mkononi.

Kwa nini? Kwa sababu siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya baridi. Mama aliyejifungua salama, mtoto mzima, kondo limetoka lote, ghafla anashikwa na baridi ya kutetemesha kitanda. Joto linapanda. Mapigo ya moyo yanakimbia. Tumbo linajaa na kuuma hata shuka likiligusa analia. Na kilichowatesa waliomuuguza ni hiki: mara nyingi akili yake ilibaki timamu karibu hadi mwisho. Aliuliza habari za mtoto. Alipanga nani atamlea. Ndani ya juma moja, au siku kumi, alikuwa amezikwa. Waliita homa ya uzazi. Wahenga wetu walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na huyu alikuwa ameshaumaliza uchungu, ameshavuka, halafu akafia ufukweni.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana kuna kitendawili hapa.

Mwaka 1900, Uingereza na Wales, katika kila uzazi 1,000 walikufa akina mama kati ya wanne na watano. Mwaka 1935, nchi ileile, katika kila uzazi 1,000 walikufa akina mama kati ya wanne na watano. Miaka thelathini na mitano! Mstari haukushuka.

Katika miaka hiyo vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimeporomoka, kutoka takribani 150 katika kila 1,000 hadi takribani 60. Maji ya bomba yaliingia, magari yaliingia, redio iliingia. Wanawake walipata haki ya kupiga kura. Vita Kuu ilipita. Nchi yote ilibadilika, lakini mstari wa vifo vya akina mama haukushuka. Kila mwaka wanawake takribani 3,000 walikufa kwa uzazi katika nchi iliyokuwa ikijiona mwalimu wa dunia, na zaidi ya theluthi moja yao walikufa kwa uambukizo.

Mtaniambia: labda hawakujua ugonjwa unatoka wapi. Walijua, ndugu zangu. Walijua.

Habari ya Semmelweis mmeisoma wote, kwa hiyo nitapita nayo mbio. Vienna, mwaka 1847, hospitali moja yenye kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Kwa madaktari akina mama walikufa zaidi kuliko kwa wakunga, tena kwa tofauti kubwa. Rafiki yake, Kolletschka, akachanjwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za akina mama. Semmelweis akaelewa: wanafunzi walitoka chumba cha maiti wakaingia kuzalisha, na mikono ileile. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya chokaa ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa akina mama 18 katika kila 100. Julai ilikuwa mmoja na ushei. Na malipo yake? Alipuuzwa, akachanganyikiwa, akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865, kwa jeraha lililoingia sumu. Miaka 47.

Mwaka 1879 daktari mmoja alikuwa akihutubia Chuo cha Tiba cha Paris, akieleza sababu za homa ya uzazi, na maneno mengi. Louis Pasteur hakuvumilia. Akamkatiza: kinachoua ni daktari na wasaidizi wake, wanaokibeba kijidudu kutoka kwa mgonjwa kumpelekea mzima. Kisha akaenda ubaoni akakichora. Nukta nukta zilizoungana, kama shanga kwenye uzi. Streptokokasi.

Kwa hiyo mwaka 1900 ulipofika, adui alikuwa na jina na picha. Hospitali kubwa za uzazi zilikuwa zimeanza kuchemsha vyombo na kutumia dawa za kuua vijidudu, na vifo vyake vilishuka sana. Swali langu ni hili: kama jina lilijulikana, na picha ilijulikana, na dawa ya kuoshea mikono ilikuwepo, kwa nini mstari haukushuka?

Jibu la kwanza liko kwenye koti.

Uingereza ya wakati ule wanawake wengi walijifungulia nyumbani. Aliyewazalisha alikuwa mkunga, au daktari wa mtaani. Sasa mtazameni huyu daktari. Asubuhi amemwona mtoto mwenye homa ya skaleti, koo limewaka na ngozi imekuwa nyekundu. Adhuhuri amekamua jipu la fundi viatu. Saa kumi anaitwa: mke wa karani ana uchungu tangu jana. Anafika na koti lilelile na mkoba uleule. Ana wagonjwa wengine sita wanamsubiri. Ana klorofomu. Ana koleo. Anamlaza mama usingizi, anaingiza koleo, anavuta, mtoto analia, familia inashukuru, daktari anapokea ada yake na kuondoka. Nusu saa. Siku ya tatu, baridi.

Skaleti ya yule mtoto, jipu la fundi viatu, homa ya mke wa karani: vijidudu vya jamii moja. Vilisafiri na koti. Kikulacho ki nguoni mwako, na wahenga hawakuwa wakimsema daktari wa London, lakini methali imemvaa kama imeshonwa kwa vipimo vyake.

Na hapa pana jambo lililowashangaza watakwimu wa zama zile. Umaskini huua, sivyo? Kifua kikuu kiliwaua maskini zaidi. Kuhara kuliwaua watoto wa maskini zaidi. Lakini kwa vifo vya uzazi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wake za wenye nacho Uingereza walikufa kama wake za vibarua, na kwa hesabu nyingine walikufa kuwazidi! Mke wa kibarua alimudu mkunga. Mke wa tajiri alimudu daktari, na klorofomu, na koleo.

Msinipigie makofi bado. Najua chumba hiki kinapenda kusikia kwamba wakunga walikuwa bora. Tuwe waadilifu: uzazi mgumu ndio uliopelekwa kwa daktari, kwa hiyo kulinganisha namba za mkunga na za daktari peke yake si haki. Lakini hata ukitoa hilo, kilichobaki kinatosha kumfanya mtu akune kichwa. Na hata Marekani, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi, Chuo cha Tiba cha New York kilichambua vifo 2,041 vya akina mama wa mji huo, vya mwaka 1930 hadi 1932, kimoja baada ya kingine, na mwaka 1933 kikatangaza kwamba karibu theluthi mbili vingeweza kuzuilika. Ripoti ilitaja waziwazi upasuaji na koleo zisizo na lazima. Madaktari wa mji ule waliipokea kwa hasira.

Mkunga je? Mkunga wa Uingereza alipata sheria mwaka 1902. Sheria ile ilimtaka asome, asajiliwe, avae gauni linalofulika, abebe dawa ya kuua vijidudu, apime joto na mapigo, na joto likipanda amwite daktari. Mkaguzi aliweza kuja kwake akafungua mkoba, akakagua kipimajoto, brashi ya kucha na daftari. Mgonjwa wake akipata homa, alisimamishwa asizalishe mpaka yeye na nguo zake wasafishwe. Mkali huo! Lakini daktari aliyeitwa, aliyefika na koti la skaleti, nani alimfungulia mkoba wake?

Hakuna. Hakuna aliyemfungulia mkoba.

Miaka mingi kabla, daktari mmoja mkubwa wa Philadelphia, Charles Meigs, alipoambiwa kwamba madaktari ndio wanaobeba homa hii, alijibu kwamba daktari ni mtu muungwana, na mikono ya muungwana ni safi. Watu humcheka siku hizi. Mimi simcheki. Jiwekeni mahali pake. Umezalisha maisha yako yote. Umekesha. Umelia pamoja na waume zao. Halafu anakuja kijana na karatasi ya hesabu anakwambia: wale uliowalilia, wewe ndiye uliyewaua. Utaipokea? Nawauliza nyinyi mlioko mbele hapa, mlio na miaka thelathini kazini. Utaipokea?

Jibu la pili liko kooni. Na hili ndilo lililonigusa binafsi.

Hata waliooga, waliochemsha vyombo, waliovaa gauni safi, bado mara mojamoja walipata kisa cha homa. Mama mzima, uzazi mwepesi, mkunga msafi, koleo halikutumika. Siku ya tatu, baridi. Homa imetoka wapi? Wengi walisema: ilikuwa ndani ya mama mwenyewe. Ni maelezo matamu hayo, kwa sababu hayana mshitakiwa.

Halafu maabara zikapata njia ya kutofautisha streptokokasi na streptokokasi. Mwaka 1933, New York, Rebecca Lancefield aliweza kuzigawa katika makundi, na wale wauaji wa akina mama wakaonekana karibu wote wa kundi moja, kundi A. Ndani ya kundi hilo pia iliwezekana kutenganisha aina na aina. Fikirini ni kama namba ya gari. Kabla ya hapo ulijua tu kwamba aliyekugonga alikuwa na gari jeupe.

Aberdeen, kule Scotland, mwanabakteria aitwaye J. Smith alikuwa tayari ameanza kupangusa koo za watu waliomzunguka mama mgonjwa, na mwaka 1931 alitoa ripoti yake. London, Dora Colebrook alifanya kazi hiyo kwa upana zaidi na kuichapisha mwaka 1935. Alichukua kijidudu kutoka kwa mama mwenye homa. Alichukua kutoka kwenye pua na koo la mama huyohuyo, la watu wa nyumba yake, la mkunga, la nesi, la daktari. Kisha akalinganisha namba za magari.

Zilifanana. Kwa wagonjwa wengi aliowachunguza, kijidudu kilichokuwa kwenye mji wa mimba kilikuwa ndugu pacha wa kile kilichokuwa kwenye koo au pua ya mtu aliyekuwa pale. Mara nyingine koo la mama mwenyewe, mara nyingine la mtoto wake mkubwa mwenye mafua. Mara nyingine la mhudumu, aliyenawa mikono yake vizuri kabisa, kisha akainama na kusema, "Sukuma, mama, sukuma, kichwa hicho."

Barakoa mnayoilalamikia joto, wanangu, mmeipata huko.

Mimi nilikuwa mkunga wa mwaka wa kwanza kazini, hospitali siitaji. Niliamka na koo linawasha, kumeza mate taabu. Lakini tulikuwa wachache zamu ile na nilitaka nionekane mchapakazi, nikaenda. Inchaji wa wodi, mama mmoja mfupi asiyetabasamu, akanisikia sauti tu nikisalimia. "We binti, una nini kooni?" Nikasema mafindofindo kidogo, mama, naweza kazi. Akanielekeza mlango kwa kidole. "Toka leba. Usirudi mpaka sauti yako irudi." Mbele ya wagonjwa! Nilitoka nalia. Nikawaambia wenzangu anatunyanyasa sisi wageni, na nikamwekea kinyongo, nisiwadanganye, miaka kadhaa.

Hakunieleza sababu. Sijui hata kama mwenyewe alielezwa, au alifundishwa na sista wa zamani ambaye naye alifundishwa na mwingine. Siku niliposoma habari za Dora Colebrook nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, na inchaji yule alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Tuendelee. Mwenyekiti nakuona.

Jibu la tatu ni dawa, na hadithi yake inaanza na rangi ya kitambaa.

Ujerumani, kampuni ya Bayer, mji wa Elberfeld. Wakemia wawili, Klarer na Mietzsch, walikuwa wakitengeneza rangi, na daktari Gerhard Domagk alizijaribu kwa panya. Desemba 1932 aliwaambukiza panya streptokokasi, akawapa baadhi yao rangi moja nyekundu. Waliopewa waliishi, wasiopewa walikufa. Waliiita Prontosil, na Domagk akatangaza matokeo Februari 1935. Mwishoni mwa mwaka huohuo binti yake mdogo, Hildegard, alijichoma sindano mkononi, mkono ukaoza, madaktari wakataka kuukata. Baba akampa ile rangi yake. Mkono ulipona. Mwaka 1939 alitunukiwa Nobel, na serikali ya Hitler ikamlazimisha kuikataa.

Wafaransa wa Taasisi ya Pasteur wakaichunguza dawa ile wakagundua kichekesho: wekundu haukuwa na kazi yoyote. Mwili uliivunja rangi, na kilichotibu kilikuwa kipande cheupe, rahisi, kiitwacho salfanilamidi. Na kipande hicho kilikuwa kimeshatengenezwa mwaka 1908, na mwanafunzi mmoja wa kemia, Paul Gelmo, kwa ajili ya shahada yake tu, bila kujua kinatibu chochote.

Alikitengenezea wapi? Hebu kisieni.

Vienna. Mji wa Semmelweis. Miaka ishirini na saba dawa ilikuwa imelala vitabuni katika mji uleule, na akina mama wanakufa siku ya kumi.

London sasa. Leonard Colebrook, kaka yake Dora, alikuwa ameipigania homa ya uzazi muda mrefu katika Hospitali ya Queen Charlotte's, kwenye wodi ya kuwatenga wagonjwa wa homa hiyo. Si mtu wa kushangilia haraka. Kwanza alikuwa ameihangaikia mikono: yeye na msaidizi wake Maxted walipaka streptokokasi hai kwenye mikono ya watu, wakajaribu dawa moja baada ya nyingine kuona ipi inaua kweli na ipi inanukia tu. Walichapisha kazi hiyo mwaka 1933, na Dettol iliingia leba kwa njia hiyo. Chupa ile unayoiona dukani kwa Mangi, asili yake ni hii homa yetu.

Prontosil ilipomfikia aliitilia shaka, akaijaribu kwa panya kwanza. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1936, pamoja na Méave Kenny, akaanza kuwapa akina mama waliokuwa hoi. Mkojo ukawa mwekundu, manesi wakaduwaa. Lakini joto likashuka. Akina mama 38 walitibiwa. Katika wodi ile, miaka iliyotangulia, ungetegemea karibu robo yao wafe. Walikufa watatu.

Wakaendelea na wengine 26. Hakufa hata mmoja.

Hakufa hata mmoja, ndugu zangu. Nataka tunyamaze kidogo hapo.

Ndipo mstari uliposhuka. Kuanzia 1937 ulianza kuanguka, na haukusimama. Ilikuja penisilini, ikaja damu ya kuongezea, zikaja huduma bora za ukunga baada ya sheria ya 1936 iliyowapa wakunga mshahara. Wapo wanahistoria wanaosema kijidudu chenyewe nacho kilikuwa kimeanza kupungua ukali miaka ileile, na siwezi kuwapinga. Lakini kufikia 1950, walikufa chini ya mama mmoja katika kila uzazi 1,000. Na wazawa wa salfanilamidi ile, salfa kwa kifupi, mnao mikononi kila siku. Septrini ina salfa. Na ile SP mnayowapa wajawazito kliniki kuwakinga na malaria, herufi S ya mwanzo ni salfa. Mjukuu wa rangi ya kitambaa.

Nisipotaja kwetu mtanilaumu. Mwaka 1918, Mengo, Uganda, Katharine Cook, nesi, mke wa daktari Albert Cook, alianzisha shule ya kuwafundisha wasichana wa pale ukunga. Mabinti wale walipelekwa vijijini na mkoba, kama mkunga wa sheria ya 1902. Mwandishi wa kikoloni wa miaka ile, akigusia vifo vya uzazi Afrika Mashariki, kwa kawaida alimnyooshea kidole bibi mkunga wa kijijini na uchafu wake. Usafi ulitakiwa, sikatai, na kijijini watu walikufa. Ila kila nikisoma ripoti hizo namkumbuka yule daktari wa London na koti lake, na mkoba wake ambao hakuna aliyeufungua.

Nimebakiza mtu mmoja. Nilimweka makusudi mpaka mwisho ingawa kwa tarehe ndiye wa kwanza.

Niliwatajia Aberdeen. Kabla ya yule Smith wa mwaka 1931, kabla ya Pasteur, kabla ya Semmelweis hajazaliwa, Aberdeen kulikuwa na daktari aitwaye Alexander Gordon. Alikuwa amehudumu kwenye meli za kivita kabla ya kurudi kwao kutibu. Kati ya mwaka 1789 na 1792 homa ya uzazi iliupitia mji wake. Hakujua vijidudu, hakuna aliyevijua. Alifanya jambo moja tu ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya: aliandika. Jina la mama, umri, anapokaa, tarehe aliyougua, amepona au amekufa, na nani aliyemzalisha. Wagonjwa 77. Waliokufa 28.

Akasoma daftari lake mwenyewe, safu ya mwisho. Akaona homa haifuati hewa wala mtaa. Inamfuata mzalishaji. Mkunga huyu, kila anayemgusa anaugua. Mkunga yule, wote wazima. Aliweza kutabiri nani ataugua kwa kuuliza tu nani atamzalisha. Akashauri nguo na matandiko ya mgonjwa vichomwe au visafishwe barabara, na manesi na madaktari wajioshe na kufukiza nguo zao kabla ya kuzivaa tena.

Mwaka 1795 akachapisha yote, na majina ya wakunga. Mji ukawaka. Mwaka huohuo akaitwa tena jeshini, akarudi baharini, na miaka minne baadaye kifua kikuu kikamwua. Miaka 47, kama Semmelweis.

Lakini kabla hajaondoka, ndani ya kitabu kilekile alichowataja wakunga, aliandika pia kwamba ni jambo lisilopendeza kwake kulisema, ila yeye mwenyewe ndiye aliyewapelekea wanawake wengi ugonjwa ule.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, dakika zilizobaki ni zao. Naona mkono kule nyuma.